Rimoti ya Mtu wa Mashoto

Binti wa jirani yangu hapa Mkolani anatengeneza mafuta ya nywele. Anachemsha mbegu za nyonyo nyuma ya nyumba, kwenye sufuria iliyochakaa, na juzi aliyasahau motoni yakaungua. Moshi ukaingia nyumba zote za uani. Wapangaji wenzangu walifunga madirisha wakitukana. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama pale pale kwenye moshi, nimefumba macho, mpaka yule binti akaogopa.

"Baba, unaumwa?"

Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba ndege inanuka hivyo? Angeita watu.

Lakini ndivyo inavyonuka. Injini ndogo ya ndege ya kuchezea, zile ndege zinazorushwa kwa rimoti, siku hizo ilikunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ikiwaka, inatoa moshi mtamu, mzito, unaoganda kwenye shati. Utoto wangu, ile sehemu ndogo niliyoifaidi, unanuka hivyo. Sehemu iliyobaki nitaisema, na wahusika nitawataja, maana wawili kati yao wameshakufa na makaburini walisifiwa sana. Nilikuwepo. Nilisikiliza sifa zote mpaka mwisho.

Wenzangu mliokulia Mkuyuni mtakumbuka ule uwanda wa nyasi kule chini, kabla haujajaa nyumba. Unaanzia kwenye mawe makubwa na kuishia kwenye matete ya ziwa. Asubuhi wenye ng'ombe walipitisha mifugo, jioni tulicheza mpira wa makaratasi, na upepo ukigeuka ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Kila Jumamosi, jua likianza kulegea, gari la kiwanda lilishuka pale taratibu, na ndani yake alikuwa Bwana Kaijage na ndege yake.

Bwana Kaijage alikuwa Mhaya, fundi mkuu wa umeme kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato. Alisoma Ulaya, kwenye nchi ya baridi ambayo jina lake hatukuweza kulitamka. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata Jumamosi. Kutoka huko alileta vitu viwili tu vya ndege: injini inayoenea kiganjani, na rimoti, yaani kile kisanduku cha kuongozea chenye antena ndefu na vijiti viwili. Ndege yenyewe aliitengeneza hapa hapa. Mnaujua ule mlingoti wa katani, unaosimama katikati ya mkonge ukishazeeka? Ukikauka ni mwepesi hata mtoto anaubeba kwa kidole. Sisi tulichongea magari. Yeye alichongea mabawa, akayavalisha karatasi ya kaki na kuipaka gundi mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kwa sababu hiyo tuliiona ndege ile kama ya ukoo wetu. Mti wake tulikuwa tunaujua.

Kupaa, ilipaa vizuri. Alikuwa anazungusha panga la mbele la ndege kwa kidole, injini inapiga kelele kama nyigu waliochokozwa, kisha inakimbia kwenye nyasi na kuondoka. Yangeyange walitawanyika kwenye matete. Mwewe walikuja kuiangalia wakaondoka bila kuielewa. Ikiwa inakwenda mbali, Bwana Kaijage alikuwa mfalme. Shida ilikuwa kurudi.

Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka kukujia, mambo yote yanageuka nayo. Ukitaka iende upande wako wa kulia, lazima uiambie kushoto. Bwana Kaijage alilijua hilo, hata kutuchorea mavumbini alituchorea. Lakini kidole chake hakikulijua. Ndege ikimjia tu, uso unamshuka, anavuta huku, anavuta kule, halafu puu, kwenye nyasi. Sospeter, rafiki yangu mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa akiliona lile gari anauliza kwa adabu kabisa:

"Shikamoo baba. Leo maziko saa ngapi?"

"Marahaba. Ngojeni kwanza ife," anajibu Bwana Kaijage, na yeye anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Nalisema hili mapema msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Mimi pale mtaani niliitwa Mashoto. Baba alipofariki, mama alirudi kwao Ukerewe, nami nikabaki kwa dada yake baba, Shangazi Kabula, aliyeuza dagaa sokoni. Muulizeni yeyote wa enzi zile, atawaambia Shangazi Kabula alikuwa mama wa kanisa, mkarimu, hakuna msiba uliompita. Ni kweli. Alinilisha na kunivisha. Lakini mkono wangu wa kushoto hakuweza kuuvumilia. Wakati wa kula aliufunga kiunoni kwa kipande cha khanga. Nikijisahau nikashika ufagio kwa mkono huo, ananipaka pilipili vidoleni, na usiku nikijifuta macho, basi.

"Huo mkono ni wa chooni," alikuwa akisema. "Kesho utampa nani kitu kwa mkono huo? Mkwe wako?"

Shuleni alikuwepo Mwalimu Masalu, na yeye mtu wa kanisa, kiongozi wa kwaya. Ukishika kalamu kwa kushoto anakuja taratibu nyuma yako, hasemi kitu, unashtukia fimbo imeshatua. Najua wengi mnaosoma hapa mlipita humo humo, na baadhi yenu mnasema haikuwadhuru. Sawa. Mimi naongelea mkono wangu.

Sasa mtu akiishi hivyo, anazoea kugeuza. Mkono unataka huku, unauambia kule. Mwalimu akisema kulia, kichwa kinasema kushoto kwanza, halafu kinajirekebisha kabla fimbo haijafika. Nilikuwa nageuza kutwa nzima kama mtu anayetafsiri. Sikujua kama hiyo ni kazi. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Jumamosi moja, baada ya maziko mengine, Bwana Kaijage alikaa kwenye jiwe akiangalia bawa lililovunjika, kisha akasimama ghafla.

"Nataka ndege yenye miguu," akasema. "Mimi ndiyo ndege. Ninyi mnanirusha."

Akatanua mikono, yule mtu mzima na suruali yake ya pasi, akaanza kukimbia kwenye nyasi huku ananguruma kwa mdomo. Mtoto mmoja anashika rimoti, imezimwa, anasukuma kijiti na kupaza sauti, kushoto, kulia, na yeye anapinda upande wake kama alivyoambiwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akiwa anakwenda, kila mtoto alimuweza. Akigeuka kuja, walimpoteza. Sospeter alimuingiza kwenye mavi ya ng'ombe.

"Ndege imetua salama!" akapiga kelele Sospeter.

"Imetua kwenu," akasema Bwana Kaijage akijipangusa kiatu. "Mwingine!"

Ikafika zamu yangu. Nikamzungusha kwenye matete, nikamrudisha, nikampitisha kati ya mawe mawili, nikamleta mpaka miguuni pangu. Hakugusa kitu. Alisimama akihema, akaniangalia.

"Umejifunzia wapi?"

"Sijui, baba."

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii alikuwa anakimbia huku ananiangalia mikono, na mara akasimama. "Unatumia mkono gani?"

Nikauficha mgongoni. Nikakaza shavu kungoja kofi.

"Mbona unauficha?" akasema. "Hiyo rimoti ni ya mtu wa mashoto."

Akanieleza. Rimoti za kawaida, alisema, si hivi. Hii aliichukua kwa mzee mmoja wa nchi ile ya baridi, imeshatumika. Kupanda, kushuka, kugeuka, vyote viko kwenye kijiti cha kushoto, cha kulia ni cha moto wa injini tu. Mzee yule aliitengeneza hivyo kwa ajili ya mkono wake.

"Alikuwa mashoto?" nikauliza.

"Mashoto kabisa."

"Alikuwa anaandikia huo?"

"Anaandikia, anakulia, anapungia watu."

"Na hawakumpiga?"

Alicheka mpaka akashika goti. "Nani ampige? Mwenyewe alikuwa mwalimu."

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani kama kitu cha wizi. Duniani kulikuwa na mzee wa mashoto, tena mwalimu, ameacha kisanduku kimetengenezwa kwa mkono kama wangu, na kisanduku kimekuja mpaka Mkuyuni. Akili ya mtoto haiishii hapo. Nilipokumbuka pia kwamba ndege ikikujia kushoto kunakuwa kulia, nikaamini Mungu amegawa: ardhi ni ya watu wa kulia, anga ni yetu sisi. Ndiyo maana chini tunapigwa. Hatuko kwetu.

Jumamosi zilizofuata alinifundisha. Kwanza mikono yake juu ya mikono yangu, pumzi yake inanuka kahawa. "Usiishike kama jembe," ananiambia. "Iguse tu. Ikishaitika, iache. Ndege inajua kuruka kuliko wewe." Baadaye alinitolea mikono bila kuniaga, nikagundua niko peke yangu nayo. Siwezi kuwaeleza vizuri, shule yangu fupi. Ni kama kidole gumba kimerefuka mpaka kule juu. Upepo wa ziwa ukiipiga ndege chini ya bawa, nausikia kwenye ngozi. Niliipitisha juu ya matete, jua liko nyuma yake, karatasi ya kaki inaonekana mbavu zote ndani, nikaigeuza ije, nikaishusha. Ikakimbia kwenye nyasi ikasimama mbele yetu, panga linazunguka polepole.

Watoto walikuja kuizunguka. Kisha Sospeter: "Sasa kama hakuna maziko, leo tunakula wapi?"

Ndipo Bwana Kaijage akatoa ahadi. Kiwanda kilikuwa na siku ya michezo kule Nyakato, wafanyakazi na familia zao, na meneja angekuwepo. "Utairusha wewe," akaniambia. "Wote wakuone. Nimuombe meneja, ukimaliza la saba uje karakana kwangu, nikufundishe umeme." Alisema mbele ya watoto wote. Sikumuomba. Mpaka leo nikipita karibu na kiwanda chochote nikasikia mitambo inanguruma, nasikia ahadi ile.

Sokoni hakuna siri. Mama yake Sospeter alimpongeza shangazi: mtoto wako anarusha ndege, na ule ule mkono wake! Jumamosi iliyofuata nilikuwa na rimoti mkononi, nikamuona Shangazi Kabula amesimama kwenye mawe, beseni la dagaa kichwani. Alingoja mpaka ndege ikatua. Akashuka. Mimi hakuniangalia.

"Bwana Kaijage, habari za leo."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Mimi nyumbani nafunga, wewe huku unafungua?"

Bwana Kaijage alivua kofia. "Samahani sana mama. Sikujua kama kuna tatizo."

Alijua. Alishaniona vidole vimevimba kwa pilipili, akaniosha mwenyewe kwa maji ya kwenye dumu lake. Lakini nilivyokuwa mtoto, nilisema moyoni: mtu mkubwa hagombani hovyo. Anapanga kitu.

Jumatatu shangazi alinipeleka shule mwenyewe, akanishika shingo mpaka mlangoni kwa Mwalimu Masalu. "Mwalimu, huyu kanishinda. Khanga nimefunga, pilipili nimepaka. Sasa anautumia mkono huo kurushia ndege."

"Niachie," akasema mwalimu.

Aliniita mbele ya darasa. Aliniambia niweke mkono wa kushoto mezani. Akachukua ile rula ndefu ya ubaoni, ya mbao nzito.

"Kidole gani kinarusha ndege?"

Nikaonyesha. Mungu wangu, nikaonyesha, tena kwa fahari kidogo, kwa sababu nilidhani anataka kujua. Akakipiga kwa ubavu wa rula, si kwa bapa. Alipiga mpaka niliposikia kitu kinalia ndani ya kidole gumba, mlio mdogo kama kijiti kikavu. Mwalimu akafuta ubao, akaendelea na hesabu.

Hospitali shangazi hakunipeleka, kwa sababu wangeuliza. Alinipeleka kwa mzee anayeunga mifupa, mzee akanifunga kidole kwa vipande vya mianzi, kikaunga kimepinda. Mpaka leo hakikunjiki. Shangazi alinikanda kwa maji ya moto akilia machozi, na huku analia ananiambia, "Umeona sasa? Umeona ulichotaka?"

Uwanjani nilikwenda nimefungwa hivyo hivyo. Bwana Kaijage alikuwa anasafisha injini kwa kitambaa. Aliinua macho.

"Nani?"

"Mwalimu Masalu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya rimoti."

Akaendelea kusafisha ile injini muda mrefu, ikishang'aa bado anasafisha. "Nitaongea naye," akasema.

Nilimuamini. Mwalimu Masalu na yeye walisali kanisa moja, waliimba kwaya moja, sauti ya nne wote wawili. Jumapili niliwaona baada ya ibada, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, wanaongea, wanacheka, mwalimu anamgonga begani. Nikasema, anamlainisha kwanza. Watu waliosoma ndivyo wanavyofanya. Nikangoja tangazo. Nilidhani mwalimu ataitwa mbele, au ataondolewa shule, au angalau atakuja nyumbani. Nilingoja kama mtoto anavyongoja, bila kumuuliza aliyeahidi.

Wiki chache baadaye Bwana Kaijage alinionyesha rimoti ikiwa wazi, waya zake nje.

"Nimeigeuza," akasema. "Nimehamishia usukani kwenye kijiti cha kulia. Sasa inatumika kama ya watu."

Kama ya watu. Aliona uso wangu akaongeza haraka, "Na wewe utatumia huo huo wa kulia. Itakusaidia hata shuleni." Nilijaribu. Mkono wa kulia ulikuwa wa kuandikia, wa kulia chakula, wa kuonyesha watu. Humo ndani hakukuwa na mtu. Ndege ikazunguka mara moja ikajikita kwenye matope ya matete. Hata Sospeter hakusema kitu kuhusu maziko.

Siku ya michezo ilifika. Watu walijaa, viti vya mbele wamekaa wakubwa, shangazi naye alikuja na khanga mpya. Ndege aliirusha Bwana Kaijage. Mimi aliniambia nisimame nyuma yake, karibu kabisa, na ndege ilipogeuka kutujia nikaona shingo yake inaanza kulowa.

"Wapi?" akaninong'oneza bila kugeuka.

"Kushoto, baba. Kidogo. Acha. Sasa kulia. Acha."

Nilimrudishia ile ndege kwa mdomo, neno kwa neno, mpaka ikagusa nyasi. Uwanja ulilipuka kwa makofi. Walimbeba. Nilimfuata nyuma nikisukumwa na watu wazima, nataka tu niwe karibu atakaposema, na nilikuwa karibu, nilisikia. Meneja alimshika mkono akamuuliza, "Bwana, haya mambo ulijifunzia wapi?"

"Ulaya," akasema. "Nilipokuwa masomoni."

Shangazi alikuwa bado anapiga makofi. Akainama sikioni kwangu. "Umeona? Ameirusha kwa mkono wa kulia."

Karakana haikutajwa tena. Nami shule niliiacha kabla ya la saba, kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nasikia ule mlio. Nimebeba samaki, nimebeba mawe, nimebeba saruji. Vijana siku hizi wanarusha droni kwenye harusi, vidole gumba viwili, na hakuna anayewauliza wanatumia upi. Wakati mwingine nasimama nikiwaangalia mpaka wanadhani nataka kuwaibia.

Shangazi Kabula na Mwalimu Masalu nimewataja. Walifanya walichokiamini, na mimi nimewachukia waziwazi, ni chuki inayokaa mahali pake. Huyu wa tatu ndiye sijui nimuweke wapi. Yeye alimjua mzee wa mashoto. Aliona kwa macho yake kwamba inawezekana.

Alihamishwa kurudi kwao Bukoba kabla ya mvua. Alikuja nyumbani kuaga, jioni, suruali ya pasi kama kawaida. Shangazi alimpa kiti, akakataa, akasema meli haimngoji mtu. Akanijia mimi mlangoni. Nikasogea mbele, kwa sababu hata wakati huo, mnaamini? Hata wakati huo nilikuwa bado nadhani ana mpango, na ameuweka mpaka mwisho.

"Haya, rubani," akasema, akanyoosha mkono.

Nikampa wa kushoto, wenye kile kidole. Sikukosea, nilikusudia. Shangazi akaguna kwa nyuma. Bwana Kaijage aliutazama ule mkono, akanitazama usoni, kisha akamtazama shangazi. Wa kwake ulibaki pale pale hewani, haukusogea. Hakunikemea. Alitabasamu kidogo, kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto akumbuke adabu, akangoja wa kulia.

Nikampa.